Kanisa linajaa kila Jumapili ila majirani hawalijui: kwenu mnafanyaje?

Mzee wa Stoo (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri hapa Dar, upande wa barabara ya kwenda Pugu. Jina la usharika naliacha, maana nitakayoyasema hayatupambi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka asogee kwenye michango.

Mwaka 2021, Jumamosi moja mchana, kwaya ya vijana walikuwa kwenye mazoezi. Vinanda, ngoma, spika nne zimefunguliwa mpaka mwisho kwa sababu kesho yake walikuwa wanazindua albamu. Upande wa pili wa ukuta, hatua kama ishirini kutoka spika ya mwisho, kulikuwa na msiba. Mzee wa nyumba ile alifariki alfajiri. Watu wamekaa kwenye mikeka wanasubiri kwenda kuzika baada ya alasiri, na sisi tunawapigia "sauti ya tatu mmechelewa, turudie".

Hatukujua. Na kutokujua kule kunaniuma mpaka leo kuliko kama tungekuwa tumefanya makusudi.

Habari ilitufikia saa kumi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa alipokuja getini. Aliniambia kwamba asubuhi vijana wawili walitumwa kuomba viti. Mlinzi wetu akawajibu viti ni mali ya kanisa, waje Jumatatu ofisi ikifunguliwa, waandike barua. Msiba, wakuu. Barua, Jumatatu. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Mzee, ninyi hapa mtaani mnaishi na nani?" Nikaanza kumhesabia washarika. Wa kwanza yuko Tabata. Wa pili Kinyerezi. Wa tatu kahamia Kibaha na bado anakuja kila Jumapili. Nikafika wa tano nikanyamaza.

Waliojenga kanisa lile walikuwa wakazi wa pale pale. Walifyatua matofali wenyewe jioni wakitoka kazini. Baadaye wakapata viwanja mbali, wakahama, lakini kanisani wakaendelea kuja kwa magari. Nyumba zao wakaingia wengine. Ukuta ukapanda, juu ya ukuta vikaja vipande vya chupa, na juu ya chupa nyaya. Leo ukimuuliza muuza genge wa mtaa wa pili kanisa liko wapi atakwambia "pale penye foleni ya Jumapili".

Baraza la wazee likakaa. Tukaunda kamati, maana sisi tusipounda kamati hatulali. Nitaje haraka tulivyochemka:

Tulifanya siku ya afya, kupima presha na sukari bure. Watu walikuja zaidi ya mia mbili, picha zikapigwa, mchungaji akafurahi. Jumatatu mtaa uko vile vile. Mama mmoja akaniambia, "Mmetupima, mmetuandika majina, mmeondoka. Kama sensa." Tukaandaa mkutano wa injili wa wiki nzima, kibali cha polisi, jukwaa, taa. Waliojaza uwanja walikuwa washarika wa sharika jirani waliokuja kututia moyo. Tukafungua darasa la kompyuta kwa kompyuta sita za msaada. Wanafunzi watatu, wote watoto wa wazee wa kanisa. Mmoja wangu.

Kitu kilichoanza kubadilisha hali hakikutoka kwenye kamati. Kilitoka stoo.

Ile Jumamosi nilifungua stoo kwa jukumu langu, nikatoa viti 150. Mazishi yalishapita, lakini viti vikakaa msibani mpaka siku ya tatu, wakasoma hitima wamevikalia. Vilirudi vimeoshwa. Sisi wenyewe hatujawahi kuviosha. Kuanzia hapo nikaanzisha daftari na utaratibu mmoja tu: msiba hauandikiwi barua. Mjumbe wa shina akipiga simu, hata saa nane usiku, viti na turubai vinatoka, awe Mlutheri, Mwislamu, au hana dini. Harusi na kipaimara watalipa shilingi 200 kwa kiti, na hela hiyo ndiyo inanunua vingine vikivunjika.

Mara ya pili tulipotoa viti tuliongeza na sufuria zile kubwa za kupikia pilau. Viti vikatumika. Sufuria zikarudi na kamba niliyozifungia, fundo langu lile lile. Nikamuuliza mwenyekiti kulikoni. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mzee, harusi ya mwezi uliopita hapo ukumbini mlipikia nini kwenye sufuria hizi?"

Kitimoto. Nguruwe, wakuu.

Nikarudi barazani na hoja ya kununua sufuria nne mpya. Mzee mwenzangu mmoja akasimama: "Yaani tutoe sadaka ya Bwana tukanunue sufuria za Waislamu?" Tulibishana saa mbili, kwa sufuria nne. Mwisho mama mmoja wa umoja wa wanawake akasema hela atatoa yeye, ila kwa sharti: sufuria zisikae kwetu. Ziwekwe kwa mjumbe wa shina, ambaye ni Mwislamu, azitunze yeye na azitoe yeye. Mimi ningeziweka stoo na kibandiko. Mama yule aliona mbali, maana nani ataamini kibandiko changu?

Halafu maji. Mnakumbuka Oktoba 2022, Ruvu ilipopungua na DAWASA wakatangaza mgao. Kanisani tuna kisima kirefu, maji yake yana chumvi kidogo lakini kwa kufulia na kuogea hayana shida. Koki ilikuwa ndani, karibu na ofisi, na mlinzi anafunga geti saa kumi na mbili. Foleni ya ndoo ikawa inaanza saa tisa mchana na saa kumi na mbili watu thelathini wanafukuzwa na ndoo tupu. Tukaita fundi, akatoboa ukuta, akapitisha bomba la nusu inchi, koki ikawa nje, barabarani. Kazi ya siku moja. Nikajiuliza tulikuwa tunasubiri nini miaka yote.

Nimechoka kuandika, nikiulizwa nitaongeza. Ninachotaka kwenu: kanisa lako, la dhehebu lolote, limejuana vipi na mtaa? Na kama wewe si wa kanisani lakini unakaa jirani na kanisa, sema bila kutuonea haya.

---

Kichuguu

Mkuu, kanisa si TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Kazi yake ni kuhubiri. Ukishaanza kuazima viti na kugawa maji umekuwa ofisi ya mtaa yenye msalaba. Mitume hawakuazima turubai.

---

mama_vitumbua

Umesema tusione haya, haya.

Mimi nauza vitumbua na chai nje ya geti la kanisa moja, si lenu, mwaka wa sita sasa. Wateja wangu wazuri ni wao, Mungu awabariki. Lakini mzee wangu, kabla ya visima na kompyuta anzeni na MAGARI. Jumapili barabara nzima ni yao. Duka la mangi linazibwa mlango mpaka saa saba, hauzi hata kiberiti. Kuna siku binti wa nyumba ya tatu alishikwa uchungu, bajaji ikaja ikashindwa kupita, tukambeba mpaka barabara kubwa. Ndani wanaimba, nje tunabeba mtu.

Hakuna aliyekuja kuomba radhi. Walijua? Sidhani. Kama ninyi na msiba wenu. Wakitoka ibadani wananunua vitumbua, wananiuliza "mama vipi, biashara?" nasema nzuri.

Tena kitu kingine. Jina langu hawalijui. Mimi najua nani anapenda vya nazi, nani anachukua kumi vya kupeleka nyumbani, nani alifiwa. Miaka sita.

---

Mzee wa Stoo

Mama yangu, hilo la magari limenichoma. Kwetu tulilitatua nusu: shule ya msingi iliyo jirani inaturuhusu kuegesha uwanjani, na sisi tukawapakia rangi madarasa mawili. Lakini wapo wakubwa ambao lazima gari liwe mlangoni. Kuna mmoja nimemwambia mara tatu. Ya nne nitamtumia mchungaji.

---

Bin Kisutu

Assalaam aleykum kwa Waislamu, na wengine habari zenu.

Mimi nimecheka kwenye sufuria mpaka mke wangu kaja kuuliza kuna nini. Lakini huyo mama aliyesema zikae kwa mjumbe, mleta uzi, mshikeni vizuri huyo. Jambo kama hilo ukilifanya kwa tangazo unaharibu. Ukilikabidhi tu, watu wanaelewa.

Niongezee la futari, kwa sababu naona makanisa siku hizi yanapenda kufuturisha. Nia ni njema, sikatai. Lakini nilialikwa mwaka mmoja ukumbini. Meza ya mbele viongozi, kamera tatu, bango limeandikwa jina la waandaaji kubwa kuliko neno Ramadhani. Magharibi imeingia, tunasikia adhana ya msikiti wa jirani, tende ziko mbele yetu, na mgeni rasmi bado yuko kwenye "nichukue fursa hii". Sheikh akachukua tende yake akafuturu, sisi tukamfuata, hotuba ikaendelea hewani.

Mtu aliyenigusa mimi ni jirani yangu Mchaga, mzee wa kanisa kama wewe. Ramadhani ya kwanza tulipohamia alimtuma mwanaye na mfuko wa tende na kilo mbili za sukari, hakuna maneno. Idi nikampelekea pilau. Krismasi akaniletea kuku mzima, hai, akasema "mchinje mwenyewe ili ule". Hapo ndipo nilipomjua. Alijua hata hilo la kuchinja, na hakulifanya kuwa mjadala.

Na chekechea? Kanisa nyingi zina chekechea na watoto wetu wanasoma humo. Wengi wetu tunaweka watoto pale kwa sababu ada ni nafuu na walimu hawapigi. Swali la mzazi ni moja tu: asubuhi mtoto wangu anafundishwa nini? Mtuambie wazi siku ya kuandikisha, tuamue. Mkinyamaza, mtoto akaja nyumbani anaimba wimbo, bibi yake anamtoa kesho yake, na mtaa mzima unajua.

---

Mzee wa Stoo

Kaka Bin Kisutu, shukrani. La chekechea umenifungua. Kwetu karibu nusu ya watoto ni Waislamu na hatujawahi kukaa na wazazi tukasema hilo. Tulichofanya ni kuwatoa saa sita kasoro ili wawahi madrasa, na hilo nalo aliliomba mwalimu wa madrasa, hatukulifikiria sisi.

---

Parokiani

Tumsifu Yesu Kristo, mleta uzi.

Sisi Wakatoliki dawa ya ugonjwa wako tunayo, ingawa tunaimeza vibaya. Maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walikaa Nairobi mwaka 1973, na mwaka 1976 wakaweka wazi kwamba ujenzi wa jumuiya ndogondogo ndio uwe njia ya kazi ya kichungaji katika kanda yetu. Maana yake, kanisa lianzie nyumba kwa nyumba kabla ya kufika parokiani. Jumuiya yako inatokana na unapolala. Ukihama unahamia jumuiya nyingine. Ubatizo, ndoa, hata mazishi, wanauliza kwanza jumuiya: huyu mnamjua?

Kwa hiyo yule mshirika wako wa Kibaha kwetu angekuwa na jumuiya Kibaha. Angeweza kuja kusali Dar akipenda, lakini akifiwa, wa kumfuta machozi ni wa Kibaha.

Jumuiya yangu ina nyumba 23. Alhamisi saa kumi na moja asubuhi tunasali kwa mmoja, kwa zamu, viti vya kukopa kwa jirani. Hapo ndipo utajua nani hana godoro, nani mtoto kaacha shule, mzee gani anakunywa dawa nusu dozi. Na jirani asiye Mkatoliki anasikia rozari inapita dirishani kwake kila wiki, anatujua kwa majina.

Sasa ubaya. Siku hizi jumuiya nyingi zimegeuka madirisha ya malipo. Zaka, ujenzi, tegemeza, michango ya sikukuu ya paroko. Katibu anakuja na daftari, watu wanafunga mlango. Nimewahi kumsikia mtoto akisema mlangoni, "Mama kasema hayupo." Kwa hiyo mkianzisha kwenu, daftari la michango liacheni kanisani. Likishaingia kwenye nyumba, kila atakayebisha hodi ataonekana mdai.

---

Kichuguu

Naona mnanikwepa. Mleta uzi, wangapi wameokoka kwa viti vya plastiki?

---

Mwinjilisti wa Milimani

Kichuguu ndugu yangu, mitume waliazima. Waliazima chumba cha juu cha karamu, na punda wakaazima. Soma tena.

Mimi niko Usambara, mtaa wa kijijini (mtaa wa kanisa, yaani tawi la usharika, wasio Walutheri wasichanganye na mtaa wa serikali). Huku swali la mleta uzi lingeonekana la ajabu. Kengele ya kanisa ndiyo saa ya kijiji. Inagongwa kwa ibada, na inagongwa polepole mtu akifariki. Mtu wa dini yoyote shambani anasimamisha jembe, anauliza nani.

Wamisionari wa Kijerumani walipofika milima hii hawakuanza na jukwaa. Lutindi ilianza mwaka 1896 kuwatunza watoto waliokombolewa utumwani, baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na mpaka leo iko kazini. Bumbuli kuna hospitali. Nenda Moshi, KCMC, ilifunguliwa 1971. Nenda Mwanza kwa Wakatoliki, Bugando, mwaka huo huo. Mtu alikutana na kanisa akiwa na homa au akiwa na mtoto wa kusomesha. Sasa baada ya Azimio la Arusha shule nyingi za misheni zikachukuliwa na serikali, na nafikiri, haya ni mawazo yangu tu, makanisa ya mjini yaliyojengwa baada ya hapo yalijengwa bila shule wala zahanati pembeni. Jengo la ibada peke yake. Watu wakatoka, wakafunga mlango. Sera ile siipingi, nasema tu kwamba jengo lilibaki na kazi ya saa tatu kwa wiki.

Kitu kimoja ambacho mjini mnakiua kwa aibu: mnada. Huku ibada ikiisha tunatoka nje na mnada unaanza chini ya mti. Mkungu wa ndizi, mayai, jogoo, viazi, vyote ni sadaka za watu wasio na fedha taslimu. Na wanaonunua si washarika peke yao. Wasambaa Waislamu wanakuja saa tano kamili, wanajua muda kuliko wazee wa kanisa. Mnadishaji wetu bora, yule anayemfanya mtu anunue yai moja kwa elfu mbili, anaitwa Shabani. Hasali kwetu. Anapenda tu kazi.

---

Mzee wa Stoo

Mwinjilisti, mnada kwetu uko, lakini tunafanyia ndani, geti limefungwa, na vinavyouzwa ni keki na mayai ya kisasa. Nitapeleka hoja tutoke nje.

Kichuguu, nakujibu kwa ukweli. Kwa viti na maji sijui aliyeokoka. Familia mbili zimeanza kusali kwetu. Moja ni ya baba aliyebatizwa Mlutheri huko Iringa, anaishi nyumba ya tatu kutoka getini tangu 2014. Nikamuuliza mbona hukuja miaka yote? Akasema, "Nilidhani pale ni lazima uwe na bahasha." Bahasha ya ahadi, ile ya sadaka. Alikuwa anaona watu wanaingia nazo mkononi, kila mtu na yake, akaona yeye hana kiingilio. Sasa huyo utamweka kwenye hesabu gani, ya injili au ya viti?

---

Kichuguu

Hiyo ya bahasha nimeikubali. Zingine bado.

---

Msomaji wa Zamani

Kichuguu, ubishi wako una umri kuliko wewe. Oktoba 1970 Mwalimu Nyerere alikwenda New York kuzungumza na masista wa Maryknoll, na yeye alikuwa Mkatoliki wa kusali kila siku. Aliwaambia kwa kirefu kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowaweka watu kwenye umaskini, watu watalihesabu kuwa upande wa wanaowakandamiza, na litakufa. Na hakuwa anapigania ruzuku za hisani, alitaka Kanisa liwe pamoja na watu wakati wanajikomboa wenyewe.

Ndiyo maana nasema, mleta uzi, koki kutoka nje ya ukuta ni jambo zuri, lakini nani anaisimamia? Na kama kuna bei, nani alipanga? Kama ni baraza la wazee, bado ninyi ni matajiri wenye maji na wao ni waombaji wenye ndoo.

---

Mhasibu wa Bwana

Nami nataka kujua hilo. Na hela. Pampu inakula umeme.

---

Mzee wa Stoo

Swali zuri, na hapo tulikosea kwanza. Mwezi wa kwanza tulisema maji bure. Umeme ukaisha wiki ya pili, mtunza hazina akakataa kununua LUKU, koki ikakauka, watu wakasema kanisa limewachezea. Tukasema basi shilingi 100 kwa ndoo ya lita 20. Wakanung'unika. Mwenyekiti akashauri tulipeleke kwenye mkutano wa mtaa, watu waseme wenyewe. Nilikwenda mimi na mama mmoja wa baraza. Mara ya kwanza katika maisha yangu ya uzee wa kanisa kukaa kwenye mkutano wa mtaa, na nimekuwa mzee wa kanisa miaka kumi na moja.

Wakapanga shilingi 50. Wakachagua msimamizi, mama mjane wa nyumba inayotazamana na koki, na kwamba yeye achukue elfu tatu kwa siku, zinazobaki ziende LUKU na matengenezo. Wazee na wagonjwa bure, yeye ndiye anawajua. Siku nzuri anakusanya kama elfu kumi na mbili, mvua ikinyesha elfu mbili. Daftari lake liko wazi, limening'inizwa kwa kamba kwenye mti wa mwarobaini. Koki inavunjika karibu kila mwezi. Watoto.

Kilichotushangaza hakipo kwenye daftari. Mwaka jana usiku wezi waliruka ukuta kutaka jenereta. Mama huyo aliwasikia, akapiga kelele za mwizi, mtaa ukatoka. Miaka mitano kabla yake waliiba vinanda viwili na maiki zote, na majirani wakatuambia asubuhi, "Tuliwaona, tukajua ni watu wenu mnahamisha vyombo."

---

Mtoto wa Kengeleni

Salamu kutoka Mombasa.

Nimesoma habari ya kengele nikakumbuka kwetu. Mtaa wetu waitwa Kengeleni kwa sababu ya kengele ya Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa waliyoyaanzisha wamisionari Waanglikana wa CMS kutoka Uingereza miaka ya 1870. Wazee walitusimulia iligongwa kuonya watu majahazi ya wafanyabiashara ya watumwa yakionekana baharini. Basi kengele ya kanisa ilikuwa ya kuwaokoa watu wote ufukweni, asali huyu asisali huyu. Sasa lipi kanisa leo likipiga spika zake watu wasema "hii yatuokoa"? Watu hutafuta pamba za masikio.

La pili, jihadharini na fedha za wanasiasa. Huku Kenya ndilo lililotutenga na watu. Kila Jumapili mheshimiwa na bahasha yake, apewa maiki, atukana mpinzani wake madhabahuni. Septemba 2021 Askofu Mkuu Ole Sapit wa Kanisa Anglikana alipiga marufuku wanasiasa kuhutubia ibadani. Na Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likarudisha michango aliyoitoa Rais Ruto parokiani Soweto, Kayole. Vijana wengi niliowasikia, hata wasioenda kanisani, siku hiyo walisema neno zuri kuhusu kanisa. Sikumbuki mara ya mwisho walisema.

Nyinyi mkianza kupendwa na mtaa, mgombea atawajia na viti 500 vyenye picha yake mgongoni. Mtafanya nini?

---

Mzee wa Stoo

Ndugu yangu wa Mombasa, alishakuja. Si viti, turubai. Rangi za chama, jina lake pembeni. Tulipokea (ndiyo, tulipokea, nisidanganye), halafu msiba wa kwanza familia ikakataa kulifunga kwa sababu marehemu alikuwa wa chama kingine. Limekunjwa stoo. Panya wamelianza.

---

mama_vitumbua

Mzee, nipe hilo turubai, mvua za masika zinakuja. Nitaligeuza upande wa ndani.

---

Bin Kisutu

😂😂 Mpe mama wa watu turubai.

Mleta uzi, swali la mwisho nikalale. Ile kwaya ya vijana. Jumamosi bado wanapiga?

---

Mzee wa Stoo

Wanapiga. Saa tisa mpaka saa kumi na moja na nusu, wanazima kabla ya magharibi. Spika mbili badala ya nne, na zimegeuzwa zielekee ndani. Hatukusubiri barua ya NEMC, wale wa mazingira wanaosimamia mambo ya kelele.

Kiongozi wa kwaya anatakiwa ampigie mjumbe wa shina saa nane, kabla hajawasha chochote, aulize kama mtaani kuna jambo. Wiki tatu zilizopita alisahau. Mjumbe akampigia yeye.

Mama vitumbua, turubai njoo uchukue Jumatano jioni, nipo. Halafu naomba jina lako, niandike kwenye daftari.